Maoni Yetu: Aliyeshindwa na yadi ya Embakasi ataweza kisima cha Lamu?

Kibera kuna kijiji kinaitwa Lindi. Pwani ya kusini ya Tanzania nako kuna mji wa Lindi, ambako serikali ya huko imejadiliana kwa miaka mingi na Equinor na Shell kuhusu mtambo wa kuigeuza gesi ya bahari kuu kuwa kimiminika cha kuuza ng'ambo. Lindi ya Tanzania ina bahari. Lindi ya Kibera ina mtaro. Zote mbili zinangojea gesi, na zote mbili zimezoea kungoja.

Mama anayetoka Lindi ya Kibera kwenda kubadilisha mtungi wake wa kilo sita, au mwenzake wa Gatina kule Kawangware, amebeba kitu kilichovuka bahari. Kenya haichimbi gesi ya kupikia. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Sehemu kubwa ya gesi tunayopikia hushushwa kutoka melini Mombasa, ikaingia matangini, ikapanda lori, na mwendo wa mwisho ikamalizia juu ya bodaboda. Ndiyo maana gazeti hili halikubaliani na wanaodhani sheria za mafuta na gesi ya pwani ni mambo ya watu wa Lamu, wavuvi wao na mawakili wa mazingira.

Na si mtungi tu. Kifungu cha 62 cha Katiba kinahesabu madini na mafuta yaliyo ardhini kuwa mali ya umma, na Serikali ya Kitaifa ni mdhamini tu anayeyashika kwa niaba ya Wakenya. Sheria ya Petroli ya 2019 nayo ikagawa fungu la serikali hivi: asilimia 20 iende kwa kaunti, asilimia 5 kwa jamii ya eneo, na asilimia 75 ibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Hiyo 75 ni ya nani, kama mkazi wa Laini Saba na wa Kawangware 46 hayumo? Mwenye robo tatu ya shamba ana haki ya kuuliza ua umejengwaje.

Baharini, kusema kweli, hatujapata kitu bado. Shell ilitoboa kisiwani Pate mapema miaka ya 1970. Woodside ikaja mwaka 2007 na kisima ilichokiita Pomboo, kikavu. Apache ikachimba Mbawa mwaka 2012, ikakuta gesi isiyotosha biashara. BG ikafuata na Sunbird mwaka 2014, ikaona mafuta na gesi, navyo havikutosha. Wa mwisho ni Eni ya Italia, walioanza kisima cha Mlima katika kitalu L11B mwishoni mwa 2021, na mwaka uliofuata ikajulikana hakuna cha kuuza. Majina mazuri, mashimo matupu.

Kwa hiyo wapo wanaotuuliza, haraka ya nini? Yakipatikana mafuta, si ndipo tutatunga sheria? Sisi tunaona kinyume. Wakati wa kupanga nani akate na nani apewe ni kabla nyama haijaletwa mezani. Ikishaletwa, kila mkono una kisu, na anayeomba utaratibu huonekana adui wa maendeleo. Sasa hivi hakuna kampuni inayomshika waziri shati ikitaka jibu kabla ya Ijumaa. Huu ndio wakati.

Swali letu basi ni moja, na tutalirudia mpaka lijibiwe: anayetaka kukabidhiwa ulinzi wa kisima kilicho chini ya bahari Lamu, ametuonyesha nini hapa nchi kavu, mbele ya macho yetu?

Ametuonyesha Embakasi.

Usiku wa Alhamisi, Februari 1, 2024, mwendo wa saa tano na nusu, lori lililojaa gesi lililipuka katika yadi moja ya kujazia mitungi eneo la Mradi, Embakasi. Moto uliruka kutoka hapo ukala nyumba, magari na ghala la nguo. Watu walikufa, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Kulipopambazuka, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ikatoa taarifa. Ilisema imewahi kupokea maombi matatu ya kujenga kituo cha gesi mahali pale, mwezi Machi, Juni na Julai 2023, na yote matatu iliyakataa. Sababu kubwa ni kwamba watu wengi mno wanaishi kando yake.

Ni sababu nzuri. Hata mtoto wa darasa la nne angeitoa.

Lakini mamlaka nyingine, NEMA, ile ya mazingira, ilikuwa imeshatoa leseni yake. Siku chache baada ya mlipuko, bodi ya NEMA ilikiri utaratibu haukufuatwa na ikawasimamisha kazi baadhi ya maafisa. Hebu tulitazame jambo hili polepole. Ofisi moja ya umma inasema hapana mara tatu. Ofisi nyingine ya umma, katika jiji hilo hilo, inasema ndiyo. Na katikati ya hapana na ndiyo, yadi inaendelea kujaza mitungi usiku, lori zinaingia na kutoka, majirani wananusa gesi na kuzoea. Hapana ile ilikaa kwenye faili. Haikuwa na miguu ya kwenda Mradi kuangalia kama imetiiwa. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na barua tatu za kukataa zilikuwa kelele hizo.

Hatusemi EPRA ililala. Tunasema kitu kibaya zaidi: ilikuwa macho, ikasema ukweli, na ukweli wake haukubadilisha chochote.

Wakazi wa mitaa ya mabanda hawakuhitaji Embakasi kujua hili. Maji yanayotoka Kibera na kupita Bwawa la Nairobi ndiyo yanayoitwa Mto Ngong, na mto huo huteremka hadi Mukuru. Huko, Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka mitambo ya Kampuni ya Kenya Pipeline, ikafuata mtaro hadi mtaa wa Sinai. Watu wakatoka na ndoo na madumu. Moto ukashika. Waliokufa walizidi 100. Baadaye zikaja lawama, na nyingi ziliangukia waliokufa: kwa nini walijenga juu ya njia ya bomba, kwa nini walikwenda kuchota. Ni kweli walijenga, na ni kweli walichota. Lakini bomba lile lilikuwa na ramani, wahandisi, walinzi na bajeti. Mabanda yalijengwa mchana, bati baada ya bati, miaka na miaka, na kila mwenye ramani aliyaona. Katika Sinai pia kulikuwa na hapana ya kwenye karatasi.

Ukienda Makueni utakuta Thange, ambako bomba la kampuni hiyo hiyo lilichafua mto na visima mwaka 2015. Wakazi walikwenda mahakamani, na amri ya kuwalipa zaidi ya shilingi bilioni 3 ilitolewa Julai 2025. Miaka kumi. Mtoto aliyekuwa chekechea mafuta yalipoingia kisimani alikuwa anakaribia shule ya upili.

Sasa tupeleke mambo hayo baharini.

Nchi kavu, jirani ananusa. Anaweza kupiga simu redioni, anaweza kupiga kelele, anaweza hata kuhama. Bahari kuu haina jirani. Kisima kiko chini ya maji marefu, mtambo unaelea juu, na mkaguzi wa serikali hawezi kupanda matatu kwenda kuchungulia. Kwa desturi ya kazi ile atapelekwa na helikopta ya kampuni anayoikagua, atakula chakula cha kampuni, atasoma vipimo vilivyoandikwa na kampuni. Hata akiwa mwaminifu kama saa, anaona anachoonyeshwa. Kama EPRA na NEMA hazikuweza kusikilizana kuhusu yadi iliyo mwendo wa nusu saa kutoka afisi zao, zitasikilizana vipi kuhusu jambo lililo ng'ambo ya Kiunga?

Hili si tatizo la Kenya peke yake, na wala si la nchi maskini peke yake. Uingereza ilijifunza kwa maiti 167. Usiku wa Julai 6, 1988, mtambo wa Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini uliwaka. Jaji Cullen alichunguza, akatoa ripoti mwaka 1990. Katika mapendekezo yake lipo moja linalotuhusu sana: usalama wa mitambo ya baharini uondolewe kwenye wizara ya nishati, kwa kuwa wizara ile ndiyo iliyokuwa na hamu ya mafuta yatoke haraka, na upewe chombo cha usalama kazini kisicho na maslahi katika pipa hata moja. Serikali ikakubali.

Marekani haikusikia somo la jirani. Shirika lake moja lilikuwa linagawa vitalu vya baharini, linakusanya pesa za mafuta na kukagua usalama, yote kwa mkono mmoja. Mwaka 2008 uchunguzi wa serikali yenyewe uligundua wafanyakazi wa afisi yake moja walikuwa wakipokea zawadi na kustarehe na watu wa kampuni. Miaka miwili baadaye, Aprili 20, 2010, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico. Wafanyakazi 11 walikufa, na mafuta yakamwagika siku 87 kabla ya kisima kuzibwa. Hapo ndipo shirika lile lilipovunjwa vipande vitatu, anayegawa vitalu akatengwa na anayekagua, na anayepokea pesa akatengwa na wote wawili. Kesi ya nyani haikuachiwa tena ngedere.

Kwetu ikoje? Wizara ya Kawi na Petroli ndiyo inayowaalika wawekezaji, na waziri wake ndiye anayetia sahihi mikataba kabla haijapelekwa Bungeni. EPRA iko chini ya wizara hiyo hiyo. Na ona mzigo ilio nao. Ndiyo inayotangaza bei ya petroli kila mwezi. Ndiyo inayoamua bei ya stima. Ndiyo inayompa leseni fundi wa stima na fundi wa sola. Ndiyo inayotakiwa kumfuata mfanyabiashara anayejaza mitungi ya watu kwa mlango wa nyuma Kawangware. Halafu, juu ya yote hayo, tunaitegemea isimamie visima vya bahari kuu, kazi ambayo mataifa yenye uzoefu wa nusu karne bado yanaihangaikia. Mtu mmoja hawezi kuwa kipa, refa na mwenye kuuza tiketi.

Sheria yenyewe ina tundu ambalo samaki anaweza kupita akiwa amekunjua mapezi. Ile asilimia 5 ni ya jamii ya eneo, na Sheria ya Petroli inaieleza jamii hiyo kwa kipimo cha kaunti ndogo ambamo mafuta yanachimbwa. Turkana, yaliko mafuta ya nchi kavu, hilo linaeleweka. Lakini bahari haina kaunti ndogo. Kisima kikiwa maili nyingi mbele ya Kizingitini, jamii ya eneo ni nani? Ni Faza? Ni Siyu? Ni wavuvi wanaotoka Shela? Ni pweza? Waandishi wa sheria walikuwa wameelekeza uso Lokichar, wakaisahau pwani nyuma ya mabega yao. Kasoro hiyo inahitaji aya mbili za marekebisho na mbunge mmoja mwenye nia. Afadhali zije sasa kuliko baada ya watu kugombana na kufikishana mahakamani.

Bahari pia haijui mipaka. Oktoba 12, 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kesi ya mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, na sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa ikaangukia Somalia. Nairobi ilikataa hukumu. Mwenzetu hakungoja tukubali: Oktoba 2024 meli ya Uturuki, Oruç Reis, ilifika pwani ya Somalia kupima mahali pa kutafuta mafuta. Kila nahodha wa Lamu anajua kinachotokea kaskazi inapovuma. Mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini. Kisima kikipasuka upande wa pili msimu huo, mafuta hayatasimama Ras Kamboni kugongewa paspoti. Yatashuka hadi Kiunga na kwenye mikoko ya Lamu, ambayo ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Upo Mkataba wa Nairobi wa kulinda eneo la magharibi ya Bahari ya Hindi, uliopitishwa mwaka 1985 katika jiji hili hili, na una itifaki ya kusaidiana mafuta yakimwagika. Unaitwa kwa jina la jiji letu, lakini muulize abiria yeyote wa matatu ya 46 kama amewahi kuusikia. Kenya ina haki ya kubishana na Somalia kuhusu mstari. Haina haki ya kuacha kuzungumza nayo kuhusu uchafu.

Watatuuliza: je, mnataka mama wa Kibera aendelee kukohoa moshi wa makaa kwa ajili ya mikoko?

Ni swali la haki na tutalijibu bila kupindapinda. Hapana. Mkaa unaua polepole, mafuta taa yanaunguza watoto, na gesi ni nafuu ya kweli kwa anayeipata. Tungependa kila chumba cha Soweto na cha Kongo kiwe na meko. Hatuna ugomvi na mafuta wala gesi. Kwa miaka mingi Tanzania imewasha taa kwa gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, na si jambo la kubeza. Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipofika Nairobi, nchi zetu zilikubaliana kuhusu bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Lingejengwa, tungelishangilia.

Tunachokataa ni hadithi kwamba kisima cha Lamu kitashusha bei ya mtungi Kawangware. Bei hiyo tumeiona ikipanda na kushuka, na aliyeipandisha hakuwa bahari. Julai 2021 serikali iliirudishia gesi ya kupikia ushuru wa VAT wa asilimia 16. Watu wakaacha mitungi ikae mitupu pembeni, wakarudi kwenye makaa. Mwaka uliofuata ushuru ukapunguzwa hadi 8, na 2023 ukaondolewa. Mafuta taa nayo yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli. Tozo hiyo ilifikia lengo lake kwa kiasi, ila mwenye jiko la stovu ndiye aliyelipa. Yote hayo yaliamuliwa katika meza za Hazina ya Kitaifa na Bungeni, bila pipa moja kutoka ardhini.

Na mapipa yalipotoka? Ngamia-1 iligunduliwa Turkana Machi 2012, na nchi nzima ikacheza ngoma. Mwaka 2018 malori yakaanza kuyabeba, wakazi wakayazuia barabarani wakidai usalama na fungu lao. Agosti 2019 shehena ya kwanza ikaondoka Mombasa, rais akiwa amesimama bandarini kuipungia mkono. Mwaka 2025 Tullow, kampuni iliyoyagundua, iliuza mali zake za Kenya kwa Gulf Energy na kwenda zake. Katika muda wote huo hakuna mtu Kibera aliyewasha koroboi kwa tone la Turkana. Mafuta ghafi huuzwa nje. Tofauti ya mfukoni, kama itakuwapo, itapitia kwenye bajeti ya serikali, na safari hiyo ina mashimo kuliko barabara ya Gatina msimu wa masika.

Mtwara iliuliza swali hilo kabla yetu. Mwaka 2013 watu waliingia barabarani kupinga bomba la kupeleka gesi yao Dar es Salaam, na damu ikamwagika. Bomba likajengwa, likazinduliwa 2015. Hatutaki kuhukumu nani alikuwa na haki gani pale. Tunakumbuka tu kwamba swali la "sisi tutapata nini" liliulizwa wakati mabomba yameshaagizwa, na swali likiulizwa saa hiyo huulizwa kwa mawe.

Lamu wao wamechagua mahakama, na wanastahili heshima kwa hilo. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe takriban shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari mpya, baada ya kuona kwamba mradi ulisukumwa bila kuwashirikisha ipasavyo. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, kwa kuwa umma haukushirikishwa ilivyotakiwa. Leseni ile ilitolewa na nani? Na NEMA. Mombasa, katika mtaa wa mabanda wa Owino Uhuru, watu waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyushia betri walipigana kortini hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliwarudishia fidia yao ya shilingi bilioni 1.3. Wakazi wa Kibera na Kawangware wanapaswa kuijua Owino Uhuru kama wanavyojua Sinai. Ni mabati yale yale, na aliyetoa kibali hakulala hapo hata usiku mmoja.

Lakini mwananchi hapaswi kwenda kortini kila mara ili mdhibiti akumbushwe kazi yake. Kesi huja baada ya madhara. Ndiyo maana tunataka mambo machache yafanywe kabla ya kitalu kingine chochote cha baharini kugawiwa.

La kwanza, na ndilo kubwa kuliko mengine yote, usalama na mazingira ya visima vya baharini viondolewe chini ya wizara inayotafuta wawekezaji. Chombo kipya si lazima kiwe kikubwa. Kiwe na wakaguzi wachache wanaojua kazi, chombo chake cha majini, bajeti inayotoka Bungeni moja kwa moja, na mamlaka ya kusimamisha mtambo siku hiyo hiyo bila kumpigia waziri simu. Na hapana ya ofisi moja iwe hapana ya serikali nzima. EPRA ikikataa, leseni ya NEMA isiwe na uhai, na NEMA ikikataa, ya EPRA ife. Kama kanuni hiyo ingekuwapo mwaka 2023, na mtu mmoja akapewa kazi ya kwenda kuifunga yadi kwa kufuli, Mradi wangeamka Ijumaa ile kama Ijumaa nyingine.

Kampuni nayo iweke pesa taslimu, si ahadi, kabla ya kutoboa, za kusafishia pwani ikichafuka. Thange wamesubiri miaka kumi. Mvuvi wa Kiunga ana jarife moja na watoto wa kulisha jioni hii. Aprili 2005 meli ya Ratna Shalini ilimwaga mafuta Kilindini na kuipaka mikoko ya hapo, na hiyo ilikuwa meli moja, ndani ya bandari, mbele ya kila afisa wa serikali aliyehitajika.

Ripoti za athari za mazingira ziandikwe pia kwa Kiswahili kinachosomeka, kwa ufupi, badala ya mamia ya kurasa za Kiingereza cha wahandisi. Na vikao vya kuchukua maoni visiishie Lamu na katika hoteli za Mombasa. Viletwe pia uwanja wa Kamukunji, Kibera, na Kawangware sokoni. Wenye asilimia 75 wako huku, na kwa habari ya gesi kulipuka karibu na kitanda, wana ujuzi ambao hakuna mshauri wa kigeni atakayewazidi.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji Bunge wala sheria mpya, na EPRA inaweza kulianza mwezi huu. Kila tarehe 14 nchi nzima hunyamaza kusikiliza bei mpya za petroli, dizeli na mafuta taa. Makanga wanasikiliza, wenye vibanda wanasikiliza, hata asiye na gari anasikiliza kwa sababu nauli ya kesho imo humo. Taarifa hiyo hiyo iongezewe ukurasa mmoja: maombi ya vituo vya gesi na mafuta yaliyokataliwa mwezi huo, mtaa ambamo kila kimoja kingejengwa, na tarehe ambayo mkaguzi alirudi mahali hapo kuona kama kweli pamefungwa.